MAZOEZI YA MWILI NA MAZOEZI YA UTAUWA

Somo: 1 Timotheo 4:7-8, 1 Wakorintho 9:24-27



Katika ukurasa wa mafundisho tunataka kujibu swali ambalo vijana wetu wanaliuliza mara nyingi, na ambalo wazazi wengi wanalo moyoni ingawa hawalisemi: katika maisha haya ya ukimbizi, utauwa unamfaa mtu nini? Wanasema, "Mwenye mikono yenye nguvu anapata kibarua katika mashamba ya mpunga ya Bugarama. Mwenye ujanja anapata nafasi ya kusafiri. Mcha Mungu yeye anapata nini?"

Tusiwakemee wanaouliza hivyo. Hilo ni swali la mtu aliyeacha nyumba, ng'ombe na shamba ng'ambo ya Ruzizi, akafika huku Gitambi na mwili wake tu. Mtu kama huyo ana haki ya kuuliza ni kitu gani kitamsimamisha. Tulijibu polepole, tukianza na Neno.

1. MJI ALIOISHI TIMOTHEO

Paulo alipomwandikia Timotheo, kijana huyo alikuwa Efeso, katika nchi ambayo leo inaitwa Uturuki. Efeso ulikuwa mji mkubwa wa bandari. Ulikuwa na hekalu la Artemi, masoko, uwanja wa michezo na nyumba za mazoezi ambako vijana wa Kiyunani walifundishwa kukimbia, kupigana mieleka na kutupa kisahani. Kijana aliyefunzwa humo hakupata misuli peke yake. Alipata heshima ya kuhesabiwa raia. Kwa Wayunani, mwili mzuri na tabia njema vilikwenda pamoja, hata walikuwa na neno moja la kuvitaja vyote viwili. Mtumwa kwa kawaida hakuruhusiwa kuingia kufanya mazoezi humo. Kilema, mzee na maskini hawakuwa na sifa mahali pale.

Sasa Paulo analichukua neno la nyumba zile, neno la kujizoeza, na kulileta kanisani. Anamwambia Timotheo kwamba naye ana zoezi lake, nalo ni utauwa, yaani kumcha Mungu kunakoonekana katika mwenendo wa kila siku. Halafu anaweka mambo mawili kwenye mzani. Mazoezi ya mwili yana faida, lakini ni ya kiasi kidogo. Utauwa una faida katika mambo yote, kwa sababu una ahadi ya uzima huu wa sasa na ule unaokuja.

Mpendwa msomaji, angalia kwamba Paulo hakuyaita mazoezi ya mwili dhambi. Alisema ni kidogo, na kidogo ni kipimo. Kitu kidogo kinawekwa mahali pake, hakitupwi.

2. MWILI SI ADUI YETU

Wako wahubiri wanaofundisha kwamba kucheza mpira ni mambo ya dunia, na kwamba kwenda kwenye kituo cha afya ni kukosa imani. Hayo siyo mafundisho ya Paulo. Yeye ndiye aliyeandika kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19), na katika barua hiyo hiyo kwa Timotheo alimpa shauri la dawa kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Eliya naye alipokimbia nyikani, akachoka hata akatamani kufa, Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena na mkate tena, ndipo akasema naye huko Horebu (1 Wafalme 19). Eliya alikuwa mkimbizi, na Mungu aliuhurumia mwili wake kwanza.

Tuna mfano wa karibu sana. Popole Misenga na Yolande Mabika ni watoto wa Bukavu, mji ule unaoonekana kutoka Cyangugu. Vita viliwatenga na familia zao wakiwa wadogo. Misenga aliokotwa msituni baada ya siku kadhaa akiwa na miaka kama tisa, akapelekwa Kinshasa, na huko wote wawili walijifunza judo. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakabaki Brazil kuomba hifadhi. Mwaka 2016 walikuwa kati ya wanamichezo kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Michezo ya Olimpiki, ambayo ilifanyika katika mji huo huo. Misenga alishinda pambano lake la kwanza, kisha akashindwa na Mkorea aliyekuwa bingwa wa dunia. Amesema kwamba judo ilimpa utulivu na nidhamu. Hiyo ni faida ya kweli, na mzazi anayemkataza mtoto wake kucheza afikirie habari hiyo.

Lakini Misenga amesimulia pia upande wa pili. Alipokuwa akishindwa mashindano zamani, aliadhibiwa kwa kufungiwa mahali na kunyimwa chakula cha kutosha. Hapo ndipo tunaona kwa nini Paulo aliita faida hiyo ndogo. Mahali ambapo mtu anathaminiwa kwa nguvu za mwili wake tu, siku ya kuanguka anakuwa hana thamani tena, na wanaomshangilia asubuhi wanaweza kumnyima ugali jioni.

3. MIZANI MIWILI INAYOTUPIMA

Sisi wakimbizi tunapimwa kwa mizani miwili, na hiyo mizani inatuvuta huku na huku.

Mzani wa kwanza ni wa nguvu. Mwenye shamba akija kutafuta vibarua anaangalia mabega. Wasichana wetu nao wanapimwa kwa sura, hata wengine wanajichubua ngozi kwa mafuta ambayo yamepigwa marufuku katika nchi hii. Mwenye nguvu na mzuri wa sura anaonekana kuwa mtu. Aliyechoka na aliyekunjamana hahesabiwi.

Mzani wa pili ni wa unyonge. Tangu Mei 2021, msaada wa chakula kwa wakimbizi katika kambi za Rwanda umegawanywa kwa kufuata hali ya kila nyumba: walio dhaifu sana wanapata zaidi, walio dhaifu kiasi wanapata pungufu, na wanaohesabiwa kuwa wanajiweza hawapati. Wanaopanga hivyo wanafanya kwa sababu fedha zimepungua, na si vibaya kumsaidia kwanza aliye dhaifu zaidi. Lakini sote tunajua jaribu linaloingia hapo. Baba yule yule aliyetunisha kifua asubuhi mbele ya mwenye shamba, mchana anaanza kukohoa na kuinama mbele ya mwenye orodha. Mtoto anaona. Mtoto anajifunza kwamba mwili ni bidhaa: leo unauonyesha kuwa mzima, kesho unauonyesha kuwa mgonjwa, kufuatana na mnunuzi.

Utauwa unaanzia hapo. Mcha Mungu ni mtu mmoja mahali pote. Shambani, kwenye ofisi, kwenye bomba la maji na ndani ya shitingi lake ni yule yule, kwa kuwa yuko Mmoja anayemwona mahali pote. Bwana alimwambia Samweli kwamba wanadamu huangalia umbo la nje, bali Yeye huangalia moyo (1 Samweli 16:7). Aliyekubali kupimwa na Mungu hana haja ya kuwa na miili miwili.

4. MKIMBIAJI ALIYEFIA KAMBINI

Pengine kijana atasema, "Haya ni maneno ya watu wasio na nguvu, wanajifariji." Basi tumwangalie mtu aliyekuwa na nguvu kuliko wengi wetu.

Eric Liddell alizaliwa China mwaka 1902, mtoto wa wamisionari wa Uskoti. Alikuwa mkimbiaji hodari wa mita 100. Ratiba ya Michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 ilipotoka, ikaonekana kwamba mbio za mchujo za mita 100 zitakuwa Jumapili. Akakataa kukimbia siku ya Bwana, akajiandaa kwa mita 400 ambazo hazikuwa mbio zake. Tarehe 11 Julai 1924 alizishinda kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata akaacha sifa zote za uwanjani, akarudi China kuwa mwalimu na mmisionari.

Watu wengi wanaijua sehemu hiyo. Sehemu inayotuhusu sisi inafuata. Vita vilipokaribia, mwaka 1941 aliwapeleka mke wake na binti zake wawili Canada. Mke alikuwa na mimba, na mtoto wa tatu baba yake hakumwona kamwe. Mwaka 1943 Wajapani walimfungia katika kambi ya Weihsien pamoja na wageni wengine zaidi ya elfu moja. Humo hapakuwa na medali. Palikuwa na foleni za chakula, vyoo vibovu, chumba kimoja kwa watu wengi, na watoto wa shule waliotengwa na wazazi wao. Liddell aliwafundisha watoto hao sayansi, akawapangia michezo, akawasaidia wazee kazi nzito.

Kuna jambo dogo lililotokea huko ambalo linafundisha sana. Yeye aliyekataa kukimbia Jumapili mbele ya dunia nzima hakutaka pia kusimamia michezo ya vijana siku hiyo. Lakini vijana walipocheza peke yao Jumapili, mchezo ukageuka ugomvi. Jumapili iliyofuata Liddell alikuja uwanjani kuwa mwamuzi, ili watoto wasipigane. Je, alikuwa amepoteza msimamo? Hapana. Alipoukataa mchujo wa Paris, alikuwa anaikataa sifa yake mwenyewe. Alipokubali Weihsien, alikuwa anawapenda watoto wasio na baba karibu. Utauwa wa kweli ni mkali kwa nafsi yake na mpole kwa mdogo. Utauwa wa bandia hufanya kinyume: hujihurumia wenyewe na kuwabana wengine.

Mwili ule uliovunja rekodi ya dunia uliharibika kwa uvimbe kichwani. Alikufa kambini tarehe 21 Februari 1945, akiwa na miaka 43, miezi sita kabla kambi haijafunguliwa. Faida ya mbio zake ilikuwa imekwisha kabisa. Faida ya utauwa wake ilikuwa bado inawashika mkono watoto wa Weihsien.

5. HABARI YA VIFURUSHI

Tusidhani kwamba kambi ile ilikuwa ya watakatifu. Januari 1945 vilifika vifurushi zaidi ya 1,500 vya chakula kutoka Msalaba Mwekundu wa Marekani. Watu walikuwa na njaa sana, na vifurushi vilitosha kila mmoja kupata kimoja na vingine vikabaki. Mkuu wa kambi akatangaza kwamba kila mtu atapata kimoja, na Wamarekani, ambao walikuwa kama 200, watapata kimoja na nusu. Baadhi ya Wamarekani wakapinga, wakisema vyote ni vyao kwa sababu vimetoka kwao. Ugawaji ukasimama. Watu walioishi pamoja kwa amani wakaanza kutazamana kwa chuki kwa kufuata mataifa. Hata mmisionari mmoja alipata hoja ya dini ya kuunga mkono jambo hilo: alisema kutoa hakuna sifa mbele za Mungu kama mtu amelazimishwa kutoa, kwa hiyo vifurushi viwe vyao kwanza. Mwishowe wakubwa wa Kijapani waliamua kila mtu apate kimoja, na vilivyobaki vipelekwe kambi nyingine. Waliotaka vingi walikosa hata ile nusu ya nyongeza.

Langdon Gilkey, Mmarekani kijana aliyekuwa humo na baadaye akawa mwalimu wa teolojia, aliandika kitabu juu ya kambi hiyo. Alikuwa ameingia akiamini kwamba watu wenye akili na elimu wataishi vizuri wenyewe bila haja ya dini. Alitoka akiwa ameona kwamba elimu haimzuii mtu kunyang'anya. Aliona pia kwamba kuitwa Mkristo peke yake hakuzuii.

Wapendwa, nani kati yetu hajaiona habari ya vifurushi kwa macho yake? Tumeiona siku ya mchele, siku ya sabuni, siku ya shitingi. Tumesikia kabila likitajwa na kijiji cha asili kikitajwa, na wakati mwingine mstari wa Biblia ukitafutwa kwa haraka ili kuhalalisha. Siku hiyo ndiyo uwanja wetu wa mazoezi.

6. YONA WA NYAMATA

Nchi hii ya Rwanda nayo ina shahidi wake, tena aliyetumika kati ya watu waliohamishwa. Yona Kanamuzeyi alikuwa mchungaji wa Kianglikana, mtu wa Uamsho ule ulioanzia Gahini katika miaka ya 1930. Alichunga kanisa la Nyamata katika Bugesera, mahali ambapo watu waliofukuzwa makwao kuanzia mwaka 1959 walipelekwa kukaa. Januari 1964, wakati wa mauaji ya kulipiza kisasi, askari walimchukua usiku, wakampiga risasi na kumtupa mtoni. Mwenzake aliyechukuliwa pamoja naye aliachwa hai, ndiye aliyesimulia kwamba Yona aliwaombea askari wale na kwamba alikwenda kufa huku akiimba.

Mtu hajifunzi kuimba hivyo usiku ule ule. Mkimbiaji anayeanza mazoezi siku ya mashindano ameshashindwa. Watu wa Uamsho walizoea kuungama madeni yao, kurudisha walichoiba, kupatana na jirani na kutembea nuruni siku za kawaida ambazo hakuna aliyekuwa anawaangalia. Usiku ule wa Januari, Yona alitumia nguvu aliyokuwa amejiwekea siku nyingi.

7. JE, KAMA UKWELI UTATUGHARIMU?

Hapa tunafika penye uchungu. Mzazi anasema, "Nikisema ukweli kwenye mahojiano, faili langu litafungwa. Nikimwandikisha mtoto wa dada yangu kama wangu, au nikipunguza miaka ya kijana wangu, tutaondoka. Mungu anataka watoto wangu wazeekee hapa?"

Hatutawadanganya, ndugu zetu. Kanisa haliwezi kuahidi kwamba atakayesema ukweli atapanda ndege. Wako waliosema ukweli wakabaki. Na tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wengi waliokuwa na faili zao, wakweli na waongo, wamesimama pamoja. Anayehubiri kwamba utauwa ni njia ya kupata safari anauza utauwa sokoni, na Paulo aliwaonya watu wa namna hiyo katika barua hii hii (1 Timotheo 6:5-6).

Lakini tufikiri mambo matatu. La kwanza, nafasi ni chache. Uongo unaokuingiza wewe unamtoa mtu mwingine, pengine mjane ambaye hujui hata jina lake. La pili, mtoto aliyepewa jina na umri wa uongo ataubeba maisha yake yote, ataogopa kila karatasi na kila mlango unaogongwa, na hataweza kumwita mama yake mama mbele ya watu. La tatu, nyumba inayojua kusema uongo nje inajifunza kuusema ndani. Ahadi ya uzima wa sasa aliyoitaja Paulo inahusu mambo haya: kulala bila hofu, neno lako kuaminiwa na jirani, mtoto wako kujua kwamba baba akisema ndiyo ni ndiyo. Uzima huo unapatikana hata ndani ya shitingi, na hakuna ofisi inayoweza kuufungia faili.

8. MAZOEZI YETU YA KILA SIKU

Kwa vijana: chezeni mpira, kimbieni, jengeni miili, Mungu ameipenda nguvu yenu. Lakini nguvu hiyo ijulikane kwa bidoni la bibi kizee unalolibeba kutoka bombani bila kuombwa, na kwa mikono ambayo haimpigi dada yako. Mshindi kati yenu ni yule anayeweza kujizuia.

Kwa wazazi: msiwaombee watoto akili ya ujanja. Mbele ya mwenye shamba na mbele ya mwenye orodha semeni neno lile lile. Siku ya ugawaji, aliyezidishiwa kwa makosa arudishe, na afanye hivyo mtoto akiona.

Kwa wazee, wagonjwa na wenye ulemavu: msikubali kuambiwa kwamba ninyi ni mzigo, wala kwamba ugonjwa wenu ni ushahidi wa imani haba. Katika nyumba za mazoezi za Efeso msingekuwa na nafasi. Katika zoezi hili mnaweza kuwa walimu wetu, maana anayeomba kitandani bila uchungu moyoni amekimbia mbali kuliko sisi tulio na miguu. Paulo mwenyewe aliandika kwamba mwili wa nje unachakaa na mtu wa ndani anafanywa upya kila siku (2 Wakorintho 4:16).

Kwa hiyo, tukiulizwa tena mcha Mungu anapata nini, tujibu hivi: anapata kuwa mtu mmoja, mwenye thamani ile ile akiwa na nguvu au akiwa amelala mgonjwa, akiwa na kwao au akiwa mgeni. Nguvu za mwili zitatusaidia mpaka mahali fulani njiani, nasi tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Zaidi ya hapo tutahitaji kingine, na ni heri tuanze kukizoeza leo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika vikundi:
1. Siku ya ugawaji, ni jambo gani linaloonyesha kwamba sisi ni watu wa Kristo?
2. Ni nani hapa jirani ambaye dunia imemhesabu kuwa hana faida, na tutamtembelea siku gani?
3. Watoto wetu wanajifunza nini wanapotusikia tukijibu maswali ya ofisini?

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo ikae nanyi nyote. Amina.